Bwana Geji Hakukifungua Kile Kifuniko

Familia iliombwa iandike wasifu mfupi wa marehemu. Utakuwa mfupi pale ambapo maisha yake yalijieleza yenyewe, na utarefuka pale ambapo watu wamejipa kazi ya kumweleza. Unasomwa na dada yake mkubwa, ambaye ameombwa asipunguze neno wala asilainishe sauti. Walio nyuma wasogee mbele, ili baadaye pasiwe na wa kusema hakusikia.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili wa dereva wa lori na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya nafaka. Baba yake alikuwa na kovu mkono wa kulia, kutoka kwenye kiwiko hadi pale saa inapofungwa, na ngozi ya hapo iling'aa kama ya mtu mwingine. Kovu lile lilitokana na rejeta ya lori, tangi la maji ya kupozea injini, iliyofunguliwa kabla haijapoa, na watoto wote wa nyumba ile walijua kisa chake kabla hawajajua kusoma. Wanaosema leo kwamba marehemu "alijisahau" wafikirie kwanza. Mtu aliyelishwa, akaogeshwa na kuchapwa na mkono ule, anajisahau vipi?

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani na sekondari ya bweni ng'ambo ya mto, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu stashahada ya uhandisi wa mitambo mwaka 1984 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Jambo hili linaandikwa kwa sababu kuna vijiwe ambako amekuwa akiitwa "yule fundi wa kubahatisha." Vyeti vyake vimetundikwa sebuleni kwake, ukutani, upande wa kushoto ukiingia. Anayetaka kuvisoma anakaribishwa. Avue viatu mlangoni.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na chuo kilekile kilichomsomesha, na hakukiacha mpaka alipostaafu mwaka 2021 akiwa mkuu wa idara ya magari. Hakuwa mtu wa kusalimia kwa maneno mengi. Asubuhi alikuwa akiingia karakana na kuuliza, "Geji inasemaje?" Mwanafunzi mgeni angejibu, "Salama, mwalimu," naye angesema, "Sijakuuliza wewe, nimeiuliza injini." Ndipo alipopata jina la Bwana Geji, kutokana na kile kipimo cha joto la injini, na alilipenda kuliko cheo chochote alichopewa.

Alikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi wake wote wanaijua, na wengi wao wako hapa leo. Gari lilipoletwa karakana likiwa limechemsha, alivua kofia yake na kuifunika juu ya kifuniko cha rejeta. Maana yake ilikuwa kwamba hakuna mkono wa mtu kugusa hapo mpaka mwenyewe aivae tena. Aliwaeleza kwamba maji yaliyo ndani ya rejeta ya moto yamebanwa, na ukilegeza kifuniko tu yanaruka nje yakiwa nusu maji na nusu mvuke, na hayachagui uso. Kofia ilikaa pale hata kama mwenye gari alikuwa na haraka. Siku moja mkuu wa chuo alikuja na gari lake likifuka moshi, akataka lishughulikiwe upesi awahi kikao. Aliikuta kofia, akaitazama, akaenda kwenye kikao kwa miguu. Karakana ile haikuwahi kuunguza mtoto wa mtu.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989 na mwalimu wa lugha, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkuu. Walikutana kwa sababu ya gari la baba yake huyo mwalimu, lililochemsha mbele ya lango la nyumbani kwao. Mzee alikuwa ameshachota ndoo ya maji ya bomba, yuko tayari kuimwagia injini. Kijana mmoja aliyekuwa akipita akaingilia kati.

"Mzee, usimwage. Maji hayo ni ya baridi, kichwa cha injini kitapasuka."

"Wewe ni nani, unayeniamuru kwenye lango langu?"

"Mimi ni mpita njia, mzee. Lakini ukimwaga, kesho utanitafuta kama fundi, na bei yangu si ndogo."

Mzee aliweka ndoo chini, si kwa kukubali, bali kwa kushangaa. Aliamuru viti viwili viletwe, akaketi na yule kijana wakiisubiri injini ipoe. Binti wa nyumba alipotoka na vikombe alimkuta baba yake, mtu asiyezungumza na wageni, akicheka mpaka miwani imemshuka puani. Mzee yule alikuwa akisema mpaka kufa kwake kwamba mkwe wake alikuja kuokoa injini akaondoka na binti.

Marehemu hakuwa mlevi, hakuwa mcheza kamari, wala hakuwa na nyumba ya pili. Alikuwa na gari. Lilikuwa gari dogo la kijani, la zamani kuliko watoto wake wote, alilolikuta nyuma ya mashine ya kusaga nafaka likiwa banda la kuku. Alilileta nyumbani likiwa juu ya mkokoteni, na majirani wakampa mkewe pole kwa kuletewa mke mwenza. Mkewe aliukubali utani huo na kuuendeleza. Alikuwa akisema, "Mke mwenzangu leo kanywa maji yote ya tangi."

Kazi kubwa ya gari lile haikuwa rangi wala viti. Ilikuwa joto. Alitoa viota vya nyigu katikati ya mapezi ya rejeta kwa brashi ya meno. Alisafisha njia za maji ndani ya injini mpaka kutu ikaacha kutoka, akabadilisha mipira yote hata ile iliyoonekana mizima, akatengeneza kava la kuzunguka feni kwa bati, kwa kuwa feni isiyo na kava hupiga hewa huku na huku badala ya kuivuta kupitia rejeta. Na alikataa katakata kutoa themostati. Mafundi wengi wa mjini huitoa na kuitupa, wakimwambia mteja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha watu wa baridi. Jambo hilo lilimuudhi kuliko matusi. Alisema injini ina joto lake inalolitaka kama mwili wa mtu ulivyo na lake, na themostati kazi yake ni kuifikisha hapo mapema na kuiweka hapo. Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa na ubaridi, mafuta yake hayachangamki, inalika polepole na mwenyewe hujui.

Jumamosi moja mkewe aliingia jikoni akakuta sufuria imebandikwa motoni na kipimajoto kimening'inia ndani.

"Mama watoto, njoo uone inavyofunguka!"

"Umeweka nini kwenye sufuria yangu ya chai?"

"Themostati. Nimeiosha, usiwe na wasiwasi."

"Umeiosha kwa nini?"

"Kwa petroli."

Sufuria ile ilihamia karakana siku hiyohiyo, na nyingine ikanunuliwa. Hata hivyo kifaa kilifunguka pale pale kilipotakiwa kufunguka, na marehemu alikuwa na furaha wiki nzima.

Haya yote yameelezwa ili msikilizaji ajue alikuwa mtu wa namna gani mbele ya injini ya moto. Sasa yaelezwe ya siku ile.

Mwaka 2015 alisaidia kuanzisha klabu ya wapenda magari ya zamani. Kabla ya kila safari magari yalipangwa mstari, boneti zikiwa wazi, naye akapita akikagua maji, mikanda, mipira na feni. Gari lililoshindwa halikuondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya klabu, nayo iliandikwa na wanachama wenyewe wakiongozwa na mwenyekiti wao. Mwenyekiti hatatajwa jina hapa. Sababu itaelezwa.

Tarehe 12 Oktoba mwaka huu klabu ilikuwa na safari ya kupanda mlima, na mgeni rasmi alikuwa akiwasubiri juu. Mwenyekiti alikuja na gari lake jekundu, ambalo alikuwa amelitia injini kubwa kuliko ile ya mwanzo huku rejeta ikibaki ileile ndogo. Mbele, juu ya wavu wote wa kuingizia hewa, alifunga bango lenye picha yake.

"Mwenyekiti," marehemu alimwambia mbele ya wote, "gari lako halipiti. Umeliziba pua kwa bango."

"Bwana Geji, leo ni sherehe. Darasani si umestaafu?"

"Toa bango, au ubaki hapa."

"Kaka, hili nimelitoa themostati. Maji yanapita kama mto! Litachemshaje?"

"Themostati haikuwa ugonjwa wake. Linakosa hewa."

"Basi nitalipepea!"

Wanachama walicheka. Mmoja wao alicheka mpaka akashika tumbo, na huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzima simu yake familia ilipotafuta wa kusema aliyoyaona. Marehemu alisema tena kwamba gari halipiti. Mwenyekiti aliwasha, akaondoka, akatangulia mbele ya msafara.

Lilichemsha katikati ya mlima, kama alivyoambiwa. Marehemu alisimamisha nyuma yake gari lile la kijani, ambalo geji yake ilikuwa imetulia katikati. Mkewe alikuwa kiti cha abiria na aliona kila kitu, hakusimuliwa na mtu. Alimwona mumewe akifungua boneti ya lile gari jekundu, akivua kofia yake na kuifunika juu ya kifuniko cha rejeta. Alimsikia akisema, "Hapa tunangoja. Mgeni rasmi naye atangoja." Kisha aligeuka kwenda kuchukua galoni la maji ndani ya gari lake.

Mwenyekiti aliitazama saa. Aliitoa kofia, akaitupa kwenye majani ya kando ya barabara, akachukua kitambaa, akashika kifuniko.

"Acha! Acha hicho!"

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema marehemu, na aliyasema akikimbia. Kifuniko kilikuwa kimeshaanza kuzunguka. Alimsukuma mwenyekiti kwa bega, mwenyekiti akaanguka ubavu kwenye majani karibu na ile kofia, na rejeta ikafyatuka. Maji na mvuke vilimpata marehemu usoni, shingoni, kifuani na mikono yote miwili. Mwenyekiti alichanika suruali goti moja.

Alilazwa katika wodi ya majeraha ya moto kwa karibu wiki nne. Siku za mwanzo madaktari walikuwa na matumaini, naye alizungumza, ingawa kwa taabu. Alipopata sauti, jambo la kwanza alilouliza ni kama mwenyekiti aliungua. Alipoambiwa hakuungua hata kidole, alisema, "Vizuri." Mkewe anakiri kwamba yeye hakuliona neno hilo kuwa ndilo lililostahili.

"Usimtaje," alimwambia mkewe.

"Nisimtaje kwa nini?"

"Ni mtu mzima. Atasema mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Mpe nafasi kwanza, mama watoto. Aibu nayo inataka muda."

Baadaye sumu ya vidonda iliingia katika damu, figo zikashindwa, na mchana wa tarehe 8 Novemba alifariki, mkewe na wanawe watatu wakiwa kitandani pake. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi ile, waliomgeuza na kumfunga vidonda kwa upole ambao hakuufanyiwa na marafiki.

Kwa maana wakati yeye anafungwa vidonda, mjini ilikuwa inasimuliwa habari nyingine. Ilisemwa kwamba Bwana Geji alifungua rejeta ya moto. Wengine waliongeza kwamba ilikuwa ya gari lake mwenyewe. Mkewe aliisikia kwa masikio yake kwenye foleni ya duka la dawa, kutoka kwa wanaume wawili waliosimama mbele yake.

"Si yule mwalimu wa chuo? Miaka yote anatufundisha, halafu anafungua rejeta kama mtoto!"

"Uzee huo. Ama alikuwa amepiga moja mbili."

"Na kofia yake! Angejifunika yeye kichwani!"

"Wanangu," mkewe aliwaambia, "huyo mnayemcheka ni mume wangu, na dawa ninayoingoja hapa ni yake. Nani kawaambia hayo?"

Walitazamana. Mmoja aliomba radhi, mwingine akasema, "Mama, tumesikia tu kwa watu wa klabu."

Watu wa klabu. Magari yalikuwa kumi na moja mlimani siku ile, na kila gari lina madirisha. Wote waliona. Mmoja ana mkataba na duka la mwenyekiti, mwingine mwanawe ameajiriwa huko, wa tatu hataki ugomvi. Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Kila mmoja alinyamaza kidogo tu, na vinyamazo vyao vikishajumlishwa vimempa marehemu jina la mzee mzembe aliyejiua kwa ujinga wa kazi yake mwenyewe.

Mjane alimpa mwenyekiti nafasi, kama alivyoombwa. Siku ya tatu ya msiba mwenyekiti alikuja nyumbani na wajumbe wa klabu. Aliketi kwenye kiti cha marehemu bila kuambiwa, chini ya vile vyeti.

"Shemeji, pole sana. Tumeonelea tukusaidie maneno ya kwenye programu. Tuseme 'alipata ajali akihudumia injini.' Ni lugha nzuri, haimuumizi mtu."

"Injini ya nani?"

"Ah, shemeji. Mambo ya kiufundi hayo."

"Nami nauliza kiufundi. Kifuniko kilifunguliwa na nani?"

"Shemeji, yeye ameshatangulia, hakuna kitakachomrudisha. Mimi nina watoto, nina biashara, nina jina. Watu hawana haja ya kujua."

"Watu wameshajua, bwana. Ila wamejua uongo."

"Basi turuhusu angalau msafara. Magari yote, langu mbele, tumsindikize kwa heshima."

Aliambiwa heshima hiyo abaki nayo. Ndiyo sababu leo jeneza limetanguliwa na gari moja tu, lile la kijani, likiendeshwa na binti yake mkubwa, na wanachama wa klabu waliotaka kuja wamekuja kama watu wengine, bila bendera.

Familia haijatafuta mahakama, haijatafuta fidia, wala haitaki chakula cha mtu. Inataka jambo moja. Mtu huyu alitumia maisha yake yote kuwafundisha wengine wasifungue injini ya moto. Hawezi kuzikwa akiwa ndiye aliyeifungua. Watoto wake hawatabeba aibu ambayo si ya baba yao, na wajukuu wake hawatatajiwa babu yao shuleni kwa kicheko.

Jina la mwenyekiti halikuandikwa humu kwa kuwa marehemu aliomba hivyo, na mjane hajawahi kumvunjia mumewe neno. Hakuombwa asiandike yaliyotokea.

Hapa msomaji atanyamaza. Yule asiyetajwa bila shaka ameketi mstari wa mbele, kama kawaida yake. Haihitajiki hotuba. Sentensi moja inatosha, na ili asipate taabu ya kuitunga, imeandikwa hapa: "Mimi ndiye niliyekifungua." Akisimama akaisema, mjane atampa mkono mbele ya kaburi hili na jambo litakwisha leo. Asiposimama, dada ataendelea kusoma, na kila aliyeko hapa atakwenda nyumbani akijua alimwona nani ameketi.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake mkubwa na wadogo zake watatu, na wanafunzi ambao idadi yao aliijua mwenyewe.

Alale salama mahali pasipo haraka. Na ndimi za watu, zilizomchosha akiwa hoi kitandani, sasa zimpumzishe.